Migomba ya Kumlaki Mgeni

Mnanisumbua niwasimulie ya migomba kana kwamba mlizaliwa bila masikio. Haya, tafuneni kahawa mnyamaze. Mwaka wa themanini na tano chama cha ushirika kilikataa kununua kahawa ya kijiji cha Chonyonyo. Wanawake wakakata migomba, wakailaza barabarani, gari la bwana mkubwa wa chama likakwama mpaka jua linazama. Polisi wakamchukua mmoja wao, Mukashema. Kesho yake Dafroza, mama mkwe wake, akambeba mgongoni mjukuu anayelilia ziwa, akaenda kijiweni kwa Kahigi, mwenye redio, waliyemwita Betri.

— Shikamoo mama. Umesikia taarifa? Wananchi wa Chonyonyo wamepamba barabara kwa migomba kumlaki kiongozi.

— Marahaba. Mgomba wa kumlaki mgeni husimamishwa, Kahigi. Wetu tuliulaza.

— Redio ina mitambo, mama. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

— Mitambo ilikuwa wapi nilipokuwa nimeshika panga?

Yustasi, aliyeitwa Forodha kwa magendo yake ya mpakani Murongo, akatema ganda la kahawa.

— Labda ni upepo. Upepo wa Uganda huvuka bila kibali.

— Ukaja na panga?

— Mama, habari yako ni ya mdomo tu, si ya redio. Umemwambia muuza chumvi, naye kaivusha mto mpaka Uganda. Habari ya magendo hiyo.

— Magendo hayohayo yaliyokuogesha leo kwa sabuni.

Betri akakohoa.

— Mwandishi hakubuni. Alimuuliza mwenyeji mwenye busara, akaambiwa ni mila yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji gani huyo?

Betri akainamia redio yake. Betri za redio hiyo zilikuwa mpya, zile za kutoka mjini kwa mwandishi.

Hapo akapita Celestin wa Bugomora, anatafuta kibarua.

— Shikamooni wazee. Kama mlikuwa mnamlaki mgeni, mama wa huyo mtoto kafungiwa nini?

Kijiwe kizima kikatafuna kahawa iliyokwisha mdomoni. Dafroza akasimama.

— Beba redio yako, Kahigi. Twende kituoni ukawaambie polisi ulichomwambia mwandishi.

Betri akaenda, angefanyaje. Akasema mbele ya mkuu wa kituo kwamba ile ilikuwa shangwe, na taarifa ya saa saba ikamuunga mkono. Mkuu akajikuna kichwa. Nani abishane na redio? Mukashema akafunguliwa, akamnyonyesha mwanawe palepale mlangoni.

Redio ya Kahigi ilibaki mezani kwa mkuu wa kituo. Kielelezo, alisema. Inaimba huko mpaka leo.