Mzee Tepu na Fyuzi Iliyobaki Mezani

Mwisho wa mwezi huu Mzee Tepu anatimiza miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya betri, na anastaafu rasmi. Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa saa nane mchana, hapa hapa karakanani, meza zikishasogezwa ukutani. Msimamizi ameniomba niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu inatazamana na yake. Nilimwambia shule yangu iliishia darasa la tano. Akajibu kwamba betri nazo hazijasoma na bado tunaelewana nazo. Basi naandika, ila naandika uso nikiwa nimeuinamisha, maana Mzee Tepu mwenyewe ametuma ujumbe kwamba Ijumaa haji. Anaona aibu. Na sisi tunaona aibu kwa ajili ya aibu yake. Nitaeleza, lakini kwanza nimpe haki yake.

Jina lake hasa lipo kwenye karatasi za ofisi, lakini ukiliita hapa mlangoni hageuki mtu, hata yeye. Jina la Tepu alilipata kwa spana zake. Kila spana yake imeviringishwa tepu nyeusi kutoka mkiani hadi shingoni, imebaki mdomo tu. Spana tupu juu ya betri, husema, ni kama mtoto mdogo mwenye kiberiti: hana nia mbaya, ila nyumba itaungua. Siku moja mwenzetu wa kuchomelea alimtania kwamba akilala chali mchana naye tutamkuta ameviringishwa tepu. Mzee akamwambia asijali, tepu haipotezwi kwa kitu kisicho na umeme.

Pale mlangoni ndiye aliyepigilia misumari, kila mtu na wake, ya kutundika pete, saa na mikufu kabla ya kugusa kazi. Chuma kidoleni kikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja, kidole hakirudi kilivyokuwa. Nilipoanza kazi, mume wangu alikuja hadi ofisini kuuliza ni karakana gani hii ambayo wake za watu hugeuka wasichana kila asubuhi. Mzee Tepu hakubishana naye. Alimwonyesha msumari, akamwonyesha pete yangu inaning'inia, na ya kwake mwenyewe pembeni. Akamwambia: "Shemeji, hapa sote ni wajane hadi jioni." Tangu siku hiyo wale wawili ni marafiki.

Alianza na betri za asidi, za magari. Suruali zake zilikuwa na matundu kama chujio, na mkewe, tunayemwita sote Shangazi, alikuwa akilalamika kwamba ameolewa na mtu anayeliwa na panya mchana kweupe. Kisha zikaja hizi seli mpya za lithiamu na chuma fosfeti, zenye umbo la matofali. Mafundi wa rika lake wakasema hayo ni mambo ya watoto. Yeye akavuta kiti, akakaa na watoto, akajifunza.

Betri ya kwanza ya aina hiyo aliyoijenga ilimtia aibu, na hakuwahi kulificha hilo. Alizitoa seli nne kwenye boksi, akaziunga kwa mstari, akampelekea mshonaji. Betri ikawa inajizima cherehani ikiwa katikati ya pindo. Alirudi kwa mshonaji yule mpaka mbwa wa pale akaacha kumbwekea. Mwishowe akagundua: hakuzisawazisha. Nami hapo ndipo nilipoielewa kazi hii, kwa sababu seli ni kama watoto wa tumbo moja. Mmoja amefika mezani ameshashiba, mwingine ana njaa. Ukizichaji kwa mstari, aliyeshiba ndiye anayefika juu kwanza, na kile kibao cha ulinzi, kinachoitwa BMS, kinafunga mlango ili asidhurike. Wenzake wanabaki na njaa. Wakati wa kutumia, mwenye njaa anaanguka kwanza, kibao kinafunga tena, na nyumba nzima iko gizani ilhali wengine matumbo yamejaa.

Dawa yake ni kuzipanga bega kwa bega, chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, ukazilisha polepole mpaka zote zifike volti tatu nukta sita tano, ndipo uzipange mstari. Inachukua siku kadhaa. Wateja huchoka kusubiri. Mzee Tepu huwaambia kwamba mtoto naye angekuja mwezi wa tatu kama angeharakishwa, lakini nani angemtaka.

Kuna mambo mawili ambayo ni ya kwake peke yake, na mafundi wa kwingine hutucheka kwa ajili yake. La kwanza, wakati wa kusawazisha, kila seli huiunga kwa fyuzi yake ndogo. Wengi hufunga vipande vya shaba moja kwa moja na kwenda zao. Kwao, fyuzi kwa kila seli ni kama kuvaa koti la mvua ndani ya nyumba. La pili ni la fyuzi kubwa, ile inayokaa jirani kabisa na chanya ya betri. Kwetu aliyejenga haiweki. Ukimaliza kujenga unasimama pembeni, mwingine anakuja, anakagua kila nati, anapima upya, kisha yeye ndiye anayeiweka. Kuhusu wale wanaosema BMS inatosha, yeye husema BMS ni mlinzi na fyuzi ni ukuta, mlinzi husinzia.

Halafu ziko Jumamosi zake. Yeye ndiye aliyemshawishi msimamizi afungue milango siku hiyo kwa watu wanaojijengea betri wenyewe. Wanakuja na seli zao na maarifa ya kuokoteza kwenye simu. Wamekuja vinyozi, walimu, wafuga kuku, na bibi mmoja aliyetaka friji yake isizime maana humo ndimo alimokuwa akificha soda zake wajukuu wasizione. Mzee Tepu hakumcheka mtu. Aliwafundisha kuweka ubao mwembamba kati ya seli na seli, kukaza nati kwa spana ya kipimo badala ya kwa hasira, na kupima kwa mita, kile kifaa cha kusoma volti, kabla ya kugusa. Msemo wake tunaujua sote: mita haina aibu. Macho yatakudanganya, mdomo utakudanganya, lakini mita itamwambia kila mtu ukweli ule ule.

Sasa niseme la aibu.

Kwa muda mrefu tuliona Mzee akiisoma mita huku amenyoosha mkono mzima, kama mtu anayesoma gazeti kwenye dirisha la jirani. Baadaye akawa anaita mtu yeyote aliye karibu athibitishe namba. Tulidhani anatupima, kumbe anaazima macho. Mimi mzazi niligundua mapema, maana binti yangu wa pili alifanya hivyo hivyo na ubao wa shule. Sikusema. Nilikuwa nasogeza taa karibu na meza yake akienda kunywa maji. Mwenzetu wa kuchomelea akawa anamwandikia namba kwa chaki kubwa kubwa. Kila mtu alikuwa na ujanja wake mdogo, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulimheshimu, tukamheshimu, mpaka tukamwacha peke yake.

Jumamosi moja mwezi uliopita alikuja mkunga wa zahanati ya hapa jirani, na seli nane juu ya toroli la dawa. Umeme wao ukikatika, alikuwa akizalisha kwa mwanga wa simu aliyoibana kwa meno. Alitaka kuijenga betri kwa mikono yake, ili ikimsumbua ajue pa kuishika. Watu siku hiyo walijaa hadi mlangoni. Mzee Tepu akaanza kuzipanga seli bega kwa bega ili zisawazishwe. Zilikuwa za aina mpya: chanya haikuwa na duara jekundu kama tulivyozoea, ilikuwa na alama ya kuchongwa tu, ndogo kama mguu wa sisimizi. Akashika mita, akagusa seli moja moja, akataja namba kwa sauti ili watu wasikie. Tatu nukta tatu. Tatu nukta tatu. Alizitaja haraka, kama mtu anayesoma sala aliyoikariri. Seli moja ilikuwa imegeuzwa, chanya yake upande wa hasi. Mita ilimwambia, maana iliweka alama ya kutoa mbele ya namba. Hakuiona. Sisi tuliomzunguka hatukumwambia aigeuze mita nasi tuione.

Alipoikaza ile seli, ikalia paa, kama mlango uliopigwa teke. Moshi kidogo, harufu ya plastiki, watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Fyuzi ndogo ya seli ile ilikuwa imekatika, nyeusi tii. Hakuna aliyeumia. Mkono wa mkunga ulikuwa umeegemea pale pale kwenye meza, nao uko mzima hadi leo.

Mzee Tepu aliitazama ile fyuzi. Akaweka spana chini taratibu, akatoka na ovaroli yake mwilini, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Pete yake ikabaki kwenye msumari.

Nilikwenda kwake na mwenzetu wa kuchomelea kumwomba radhi. Tulikaa sebuleni, Shangazi akatuletea chai, na Mzee akatazama zulia. Mwenzangu akasema tumekosa, tuliona na tukanyamaza. Mzee akamwambia kosa si letu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Miaka yote nawaambia watu mita haina aibu. Kumbe mwenye aibu ni mimi. Nilishindwa kusema sioni." Akaongeza kwamba mtu wa namna hiyo haagwi kwa sherehe, hupita mlango wa nyuma.

Aliyempatia jibu si mimi. Ni mkunga, aliyekuja siku iliyofuata na kumkuta amejifungia chumbani. Shangazi anasimulia kwamba alivuta kiti akakaa nje ya mlango kama anayesubiri uchungu wa mtu, akamwambia kupitia tundu la kufuli: "Mzee, kazini kwangu mficha uchi hazai. Toka tuyamalize." Mlango haukufunguka, lakini Shangazi anaapa kwamba alisikia kicheko.

Nami nina la kusema, na kwa kuwa mdomoni lilinishinda, nalisema hapa. Fyuzi ile ndogo iliyoungua, nani aliiweka? Ni yeye, kwa mkono wake, muda mfupi tu kabla ya kukosea. Kwenye karakana nyingine, ambako wanacheka fyuzi zetu, kosa lile lile lingeyeyusha shaba kwenye vidole vya mtu. Nilidhani zamani kwamba fyuzi ni za sisi tusiojua. Sasa naona Mzee aliziweka kwa ajili ya siku kama hiyo, na kwa ajili ya yeyote, akiwemo yeye. Mtu anayejua kwamba hata yeye anaweza kukosea, akawalinda watu na kosa lake kabla halijatokea, huyo apite mlango wa nyuma kwa kosa gani?

Betri ya mkunga tuliifungua yote tukaanza upya, na tumeimaliza. Seli iliyogeuzwa tumeiweka kando, mkunga akapata nyingine. Zote nane tumezisawazisha, hatukuharakisha hata saa moja. Ubao upo kati ya seli na seli. Na tumeongeza sheria moja: mita hugeuzwa iwaelekee watu, na namba husomwa na wawili, kwa sauti, awe fundi mkuu au mgeni wa jana. Asiyeona anasema sioni, na hakuna wa kucheka.

Mkunga ndiye aliyejenga, kwa hiyo hawezi kuweka fyuzi kubwa. Sisi tulimshika mkono kila hatua, kwa hiyo nasi ni wajenzi. Tumetafuta mtu ambaye hakuigusa tangu tulipoanza upya, anayejua kukagua, na hapa karakanani tumekosa. Fyuzi iko mezani juu ya kitambaa safi. Zahanati inasubiri.

Juzi Shangazi alipita hapa, eti kurudisha chupa ya chai ambayo hakuna anayekumbuka kuiazimisha. Nilimwambia achukue pete. Akakataa, akasema yeye ni mjane mpaka mwenyewe aifuate. Alituambia miwani imepatikana, ila Mzee anaivaa mlango ukiwa umefungwa. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, sherehe ni saa ngapi hasa. Tukamuuliza kwani anakuja? Akasema Mzee ameapa hatoki nyumbani. Alipofika mlangoni akageuka: "Ila jana amenipigisha pasi ovaroli."

Mzee wetu, asante kwa vidole vyetu kumi kumi tunavyorudi navyo nyumbani kila jioni. Asante kwa Jumamosi zako, na kwa subira uliyoifundisha seli na watu. Tunakuombea pumziko lenye afya, Shangazi pembeni, na nyumba isiyokosa mwanga. Njoo na miwani, uivae mbele yetu. Pete iko kwenye msumari wako. Meza yako hatujaisogeza ukutani. Ukishaweka fyuzi, ndipo tutakuaga.