Mama Viraka na Watoto Walioitwa Bado

Tarehe 30 Juni, fundi wetu wa programu, tunayemwita Mama Viraka, atastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka ishirini na saba.

Alianzia mapokezi, kisha akahamia chumba cha kompyuta kilicho nyuma ya maabara. Programu ya kusajili wagonjwa hutengenezwa na watu tusiowajua, nao hutuma toleo jipya kila baada ya miezi michache. Mama Viraka aliirekebisha nakala yetu ili ikidhi mahitaji yetu. Kila toleo lilipofika, aliyaweka marekebisho yake kando, akalipokea, kisha akayarudisha moja baada ya jingine, kama anayeshona viraka. Sisi wa idara ya kumbukumbu tulielezwa mara nyingi. Mpaka leo hatuelewi kitu kinawezaje kuwa kipya na kubaki kile kile.

Mwaka juzi, akiwa likizo, toleo jipya liliingia. Kila toleo hilo lilipogongana na marekebisho yetu, kompyuta iliuliza ifuate maandishi ya nani. Fundi mwenzake, Bwana Haraka, alichagua ya watengenezaji kote, kwa hoja kwamba kipya hakiwezi kuwa kibaya. Papo hapo programu ikakataa kumsajili mtoto asiye na jina. Wakunga, kwa kukosa la kufanya, waliandika "Bado". Wodi ya wazazi ikajaa akina Bado. Maabara ikaleta majibu ya damu: Bado mmoja ana maambukizi, achomwe sindano haraka. Yupi? Muuguzi mkuu alizunguka vitandani na karatasi yake, na kila mama alimkumbatia wake.

Mama Viraka alikuja mbio, miguuni kandambili. Marekebisho yake yalikuwa salama, kwani kabla ya likizo alikuwa ameweka nakala yake kando. Aliyarudisha, kila mtoto akaunganishwa na namba ya mama yake, na mgonjwa akapata sindano mchana huo. Bwana Haraka aliambiwa tu kwamba siku nyingine asome kwanza, mwanangu, ndipo abofye.

Habari za kustaafu zilipoenea, wakunga waliuliza nani atalilinda rekebisho la watoto wasio na majina. Toleo la mwezi huu lilipofika, Bwana Haraka alitafuta pa kulirudishia, asipaone. Tulihangaika nusu siku, tukidhani limefutwa tena. Mama Viraka alicheka: alikuwa amewapelekea watengenezaji rekebisho hilo, nao wamelikubali. Sasa linakuja ndani ya toleo lenyewe.

Ahsante, Mama. Tunakuombea afya na siku tulivu. Likizo hii hatutaikatiza.