Nani Alipima Bwawa la Thrale

Mpaka leo sijui kwa nini bwawa letu linaitwa la Thrale. Nimepekua vitabu vya mji tangu ukurasa wa kwanza, vile ambavyo wino wake umegeuka rangi ya kutu, na Hezekia Thrale anatajwa mara tatu tu katika miaka thelathini aliyoishi hapa. Mara ya kwanza nguruwe wake kaingia shamba la jirani. Mara ya pili hakuonekana ibadani Jumapili nne mfululizo. Mara ya tatu amefariki. Ardhi yake ilikuwa upande wa pili wa mji, maili mbili kutoka majini, na hakuna palipoandikwa kwamba aliwahi kulowesha hata kidole. Walowezi wenzake waliojenga kinu na kanisa hawakuachiwa hata dimbwi lenye majina yao. Yeye kapewa bwawa zima. Mimi nilishaacha kuuliza.

Wenzangu wa kijiweni hawajaacha. Benchi letu limeegemea ukuta wa kusini wa mkahawa wa donati, na hata Februari, theluji ikiwa imerundikwa kando ya barabara, jua la saa nne linapafanya pakalike. Asubuhi moja ya mwezi huo tulikuwa wanne, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, kila mtu na kikombe chake cha karatasi. Kulikuwa na Elwood Pratt, tunayemwita Shemasi kwa sababu hajaingia kanisani tangu alipofunga ndoa. Kulikuwa na Verna Jeffers, Mwampanoagi, yaani wa wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyekuwa karani wa mji kwa miaka ishirini na sita. Huyo ni Bi Karani hadi kufa. Na kulikuwa na Albertino Lomba, ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya Cabo Verde kuja kuchuma kranberi, vitunda vyekundu vichachu, kwenye vinamasi vyetu. Ana miaka sabini na minane, hajawahi kufanya kazi kwenye meli, na ndiye Kapteni.

Kapteni alikuwa na barua. Ilitoka kwa wakili wa Lyle Haskett, bwana aliyenunua nyumba kubwa ya bwawani majira ya majani kupukutika na kufunga mnyororo kwenye njia ya miguu inayoshuka majini. Barua ilisema bwawa ni mali ya mteja wake, na Kapteni akikanyaga njia ile tena, polisi wataitwa. Alhamisi ya wiki iliyofuata baraza la mji lingeamua.

Shemasi: Kwani umefanya nini mpaka ukaandikiwa barua nzuri hivi?

Kapteni: Nimeruka mnyororo. Na kekee yangu ya kutobolea barafu begani. Miaka sabini navua pale kila baridi, leo naambiwa nimevamia.

Shemasi: Kwa umri wako, kuruka mnyororo ni habari ya gazetini.

Kapteni: Cheka tu. Nilipokuwa mtoto, ufukwe wa mji haukututaka sisi wa Cabo Verde. Hawakuweka bango, walitutazama tu mpaka tukaondoka. Mama yangu alitufundisha kuogelea Thrale, wote saba. Nikifungiwa pale, nitakwenda wapi tena?

Bi Karani alichukua barua akaisoma upya, kidole kikifuata mistari.

Katika jimbo letu kuna sheria ambayo kila mtu anaijua, nayo ni ya tangu enzi za walowezi: bwawa linalozidi ekari kumi ni la watu wote, na yeyote anaruhusiwa kupita kwa miguu kwenda kuvua. Likiwa dogo zaidi ni la mwenye ardhi inayolizunguka. Ramani iliyotundikwa kwenye ukumbi wa mji, ya mwaka 1887, inasema Thrale ni ekari tisa. Tumekua tukiiona ukutani. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuitegemea sheria hiyo. Tulimgeukia Hezekia Thrale, maana kama aliwaachia wenyeji bwawa au njia, barua ya wakili isingekuwa na nguvu.

Shemasi: Aliacha wosia. Babu yangu aliuona. Ulisema bwawa ni la maskini wa mji.

Bi Karani: Babu yako aliuona wapi?

Shemasi: Kwenye Biblia fulani.

Bi Karani: Nimekaa na makaratasi ya mji huu miaka ishirini na sita, Elwood. Thrale aliacha sufuria mbili na godoro.

Shemasi: Basi alilinunua kwa mdomo. Alipeana mkono na mtu.

Bi Karani: Na nani? Na watu wangu? Sisi tulikuwa na jina letu la maji yale kabla babu wa Thrale hajazaliwa. Hatukuwa tunauza maji.

Kapteni: Mimi nasema yule hakuwa hata Mwingereza. Alikuwa baharia wetu kutoka kisiwa cha Brava, akaruka melini, akabadilisha jina. Ndiyo maana hakwenda ibadani kwao.

Shemasi: Miaka mia mbili kabla ya baba yako?

Kapteni: Alitangulia kututafutia sehemu.

Shemasi: Sikilizeni basi, hii ni kweli. Thrale alikuwa na wake wawili, mmoja kila upande wa bwawa. Jioni anakula huku, anaogelea, analala kule. Ile njia ni ya ndoa. Njia ya ndoa huwezi kuifunga.

Bi Karani: Hiyo ndiyo utakwenda kuliambia baraza?

Shemasi: Nitasimama nayo.

Bi Karani: Na wakati wa baridi alikuwa anaogelea wapi?

Shemasi: Wakati wa baridi alitembea juu. Ndiyo sababu aliishi muda mrefu.

Kapteni: Labda hakufa. Mwaka sitini na tisa kitu kilivuta kamba yangu kutoka chini ya barafu kwa nguvu ya mtu mzima.

Bi Karani: Alikuwa samaki tu, kamare, Albertino.

Kapteni: Kamare hana subira vile.

Tulikuwa tumefika hapo, na Shemasi alishaanza kumpa Thrale mke wa tatu, mwanamke mmoja alipotoka mkahawani na kusimama karibu nasi kupoza kahawa yake. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la saruji. Baadaye tulijua anaitwa Edilene Fraga, fundi wa vigae, Mbrazili, wiki yake ya tatu mjini. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema samahani.

Edilene: Wazee wangu, mnasema likizidi ekari kumi kesi imekwisha?

Bi Karani: Imekwisha kabisa, mwanangu. Lakini letu ni tisa.

Edilene: Nani alipima?

Shemasi alimtazama Kapteni. Kapteni alimtazama Bi Karani. Bi Karani alinitazama mimi, nami nikatazama donati yangu. Ramani ile haina sahihi ya mpimaji. Ina mwaka, mshale wa kaskazini, na neno tisa.

Edilene: Mimi nikiambiwa sakafu ina mita kadhaa, sinunui vigae mpaka nipime. Nikiamini karatasi, hasara ni yangu.

Shemasi: Imekaa ukutani miaka yote hiyo, dada.

Edilene: Sawa, mzee. Lakini nani alipima?

Nimesoma vitabu vingi kuhusu namna watu wanavyodanganywa. Sikumbuki kimoja kilichoeleza jinsi mji mzima unavyoweza kujidanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Tuligombana juu ya mtu aliyekufa kwa sababu alikuwa na hadithi. Maji yalikuwa pale pale, yameganda, yanasubiri mtu mwenye kamba.

Kapteni aliweka kikombe chini.

Kapteni: Kinamasi tulikuwa tunakipima kwa kamba tu. Kabla ya kuchuma, unanyoosha kamba za katani kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kila mchumaji na mstari wake, unapiga magoti unakwenda. Msimamizi alitupunja upana siku moja. Baba alipima mistari yote kwa kamba yake mwenyewe, na kuanzia hapo hatukupunjwa tena. Barafu ni tambarare kuliko kinamasi.

Bi Karani alimpigia Haskett simu hapo hapo benchini, kwa sauti ile ya ukarani. Lazima niwe wa haki kwa bwana yule: alijibu kwamba tupime tupendavyo, yeye alinunua kwa kuamini karatasi, na karatasi inasema tisa.

Jumamosi tulikuwa watu arobaini. Nyumba zote za watu wa Cabo Verde wa upande wa reli zilileta mtu, na wapwa wa Bi Karani walikuja na magongo ya kusimika. Kapteni alitembea mbele na mpira wa kamba chini ya kwapa, fundo kila futi kumi. Alisimika mstari wa kwanza, akahesabu futi hamsini, akasimika wa pili. Wazee waliowahi kuchuma walijipanga bila kuambiwa, kila mmoja kwenye mstari wake, na mmoja wao, mama wa miaka themanini na kitu, alipiga magoti kwenye barafu akacheka mpaka akashindwa kusimama. Edilene alifuata na daftari. Penye matete, upande wa kaskazini, ambapo bwawa linapinda na kuingia nyuma ya misonobari, Shemasi alisema inatosha, tusihesabu kona hiyo.

Edilene: Kuna maji chini?

Shemasi: Yapo.

Edilene: Basi tunapima.

Mistari kumi na minane. Haskett alikuwa akitutazama dirishani, na kufikia wa kumi na mbili alitoka na glavu, akaomba ashike ncha moja ya kamba kwa sababu upepo ulikuwa ukiivuta. Hakuna aliyemwambia neno baya. Edilene alijumlisha mara mbili kwenye daftari, akampa Bi Karani naye akajumlisha mara ya tatu.

Bi Karani: Kumi na moja, na kidogo juu.

Kapteni: Isome tena.

Bi Karani: Ekari kumi na moja, Albertino. Na kidogo juu.

Kapteni alivua kofia yake ya sufi katikati ya bwawa, kwenye baridi ya kuchana masikio, akasimama hivyo. Kelele iliyopigwa pale iliangusha theluji kwenye matawi.

Jumatano mhandisi wa mji alikuja na chombo chake cha kupimia cha miguu mitatu. Tofauti yake na kamba ya Kapteni ilikuwa eneo dogo kuliko chumba cha kulala.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Shemasi alikuwa amejiandaa kuzungumzia ndoa za Thrale, lakini hakuna aliyempa nafasi; alikaa akapiga makofi kuliko wote. Bi Karani alisoma hesabu. Haskett alisimama, akasema alikuwepo na kamba ilikuwa mkononi mwake, hana pingamizi. Wajumbe watatu wakainua mikono mitatu. Kisha mwenyekiti akauliza ni nani kisheria anayeondoa kizuizi njiani, na Bi Karani, bila kuinuka kitini, akasema ni Mkaguzi wa Uzio, cheo kilichoundwa na walowezi na ambacho hakijawahi kufutwa. Kiko wazi tangu mwaka 1974. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayekitaka. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mtu mmoja.

Ijumaa saa tatu asubuhi Kapteni aliapishwa mbele ya karani wa sasa, mkono wa kulia juu, kekee ya barafu mkono wa kushoto. Tulimfuata kwa miguu hadi bwawani. Haskett alikuwa ameshafika na ufunguo, akafungua kufuli upande wake wa nguzo. Kapteni alifungua upande wa msonobari. Mnyororo ulikuwa mzito, kwa hiyo waliubeba wawili hadi kwenye banda la Haskett, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Baraza liliamua njia iwe wazi kwa kila aendaye kwa miguu, siku zote za mwaka. Aliyeifungua ni Albertino Lomba, Mkaguzi wa Uzio, na ndiye aliyetangulia kuteremka.