Mwalimu Clemensi Tluway na Hesabu za Watu wa Kale

Leo ardhi ya Qurus inampokea mtoto wake. Clemensi Tluway alizaliwa hapa hapa tarehe 23 Novemba 1936, siku ya Mtakatifu Klementi, hivyo padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Tluway na Mama Bernadina, wakulima wa mtama na maharage.

Alianza shule ya misheni Karatu mwaka 1946, akaendelea na shule ya kati Mbulu, na mwaka 1955 akajiunga na chuo cha ualimu. Huko maktabani alikuta kitabu kinene kilichoeleza jinsi watu wa kale walivyoandika namba na kuhesabu. Wamisri walichora kijiti kwa moja, na kwa mia wakachora kamba iliyoviringishwa. Wababeli walibonyeza udongo mbichi kwa unyasi. Watu wa Maya, ng'ambo ya bahari, walichora kombe tupu la baharini kuonyesha kwamba hapa hakuna kitu. Kitabu hicho kilimshika moyo, na hakikumwachia tena. Kwa kuwa hakikuruhusiwa kutoka chuoni, alipohitimu Desemba 1956 alichora alama zile upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku lake la bati. Alipolifungua nyumbani, mama yake alirudi nyuma.

"Hii ni dawa ya nani?"

"Ni hesabu, mama. Za watu waliokufa zamani."

"Kama wamekufa, wewe unawahesabia nini?"

Alicheka. Mama Bernadina akatundika rozari yake juu ya kifuniko kile, kwa usalama tu.

Tarehe 8 Julai 1961 alifunga ndoa na Lusia, binti wa Mzee Josephati wa Rhotia. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Lusia husema kwamba katika uchumba wao wote yeye alizungumziwa mara chache kuliko Wababeli, na alimkubali kwa sababu hakuwahi kumwona mtu akiwapenda hivyo watu asiowajua. Aliona kwamba mtu wa namna hiyo hatakosa kumpenda yule anayemjua.

Baada ya kufundisha Karatu kwa muda mrefu, Januari 1972 alihamishiwa Soitsambu, upande wa Loliondo. Mama Lusia alibaki na shamba na watoto, na barabara ilikuwa mbaya, kwa hiyo walionana likizo kwa likizo. Asubuhi alifundisha watoto, na alasiri alifundisha darasa la elimu ya watu wazima. Wazee wa Kimaasai walikuja kwa kusitasita, maana kwao kuhesabu mifugo au watoto kwa sauti ni kualika balaa. Mwalimu hakuwalazimisha. Siku moja aliwaonyesha tu kifuniko cha sanduku, alama kwa alama. Mzee mmoja, Senteu, aliinamia alama ya namba kumi ya Wamisri, ile iliyopinda kama upinde, akauliza ni kitu gani.

"Ni kamba ya kufungia miguu ya ng'ombe asitoroke," alisema Mwalimu.

Senteu akawageukia wenzake. "Hawa walikuwa wafugaji," alisema, na kuanzia hapo darasa lilijaa. Lakini wiki chache baadaye aliuliza swali jingine. "Mwalimu, umetufundisha ya watu wa mbali. Wale waliojenga kuta za mawe pale Engaruka, wakachimba mifereji, halafu wakaondoka, wao waliandikaje kumi?"

"Sijui, mzee."

"Nani anajua?"

"Sidhani kama yupo."

Mwalimu hakulala vizuri tangu siku ile. Engaruka haiko mbali na kwao. Ni chini tu ya ukuta wa bonde, na watu wale wangeweza kuwa babu zake mwenyewe. Alijua kumi ya Wamisri na ya Wababeli, lakini ya nyumbani hakuijua. Akaanza kwenda. Kila likizo, kabla ya kufika kwake au akitoka, alipitia Engaruka na kupekua kuta akitafuta mchoro wowote, hata vijiti viwili vilivyokwaruzwa kwa makusudi. Alirudi mikono ikiwa imechubuka. Mama Lusia alimpaka mafuta na kumwuliza: "Umewaona?" Naye alijibu: "Wametoka kidogo."

Mwaka 1979 alirudishwa Karatu. Chaki zilipoadimika aliandika ubaoni kwa muhogo mkavu, akawaambia wanafunzi kwamba Wababeli hawakuwa na chaki vilevile. Ilikuwa wakati huo ugonjwa wa presha ya macho ulipomwanza. Mwaka 1984 alistaafu akiwa haoni kabisa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hangeweza kutafuta tena. Mama Lusia, ambaye hakuwahi kujifunza alama hata moja, alichota udongo mtoni, akachonga kijiti, akaketi mbele yake. "Niambie nibonyeze vipi." Udongo ulipokauka, Mwalimu alipitisha kidole juu yake.

"Ishirini na tatu."

"Ishirini na nne. Umeruka moja."

"Umeiweka pembeni mno, mama Hyasinta."

"Nami ndiyo kwanza naanza shule."

Agosti 1985 binti yao Hyasinta, ambaye naye ni mwalimu, alimpeleka Engaruka mara ya mwisho. Alimshika mkono, wakafuata ukuta mmoja mpaka mwisho wake, yeye akiyapapasa mawe kwa kiganja.

"Kuna kitu, Hyasinta?"

"Hakuna, baba. Ni mawe yaliyopangwa vizuri."

Alirudisha kiganja ukutani. "Yamepangwa vizuri sana," alisema. "Tukae kidogo." Walikaa mpaka jua lilipofika ukuta wa bonde.

Juni mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mzee Senteu alipopata habari alisafiri kutoka Soitsambu kwa malori, akaketi kando ya kitanda.

"Mwalimu, hukunijibu."

"Bado, mzee."

"Basi nitangoja."

Mwalimu Clemensi alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1987, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Lusia, watoto watatu, Hyasinta, Patrisi na Inosenti, wajukuu wanne, wanafunzi wa Karatu na wa Soitsambu, na Mzee Senteu, ambaye leo ameketi na wafiwa, pale Mama Lusia alipomweka.

Mungu aliyemuumba na kiu ya kujua amnyweshe sasa hadi atosheke, na ampe pumziko la amani.