Nyamoita Angwenyi, Aliyempa Konokono wa Bahari Jina la Mwanawe

Ndugu, majirani, na wageni wetu mliotoka Nairobi, asanteni kwa kuja kutushika mkono. Mimi ni Nyamongo, mdogo wa marehemu. Familia imeniomba nisome maisha ya dada yetu, Salome Nyamoita Angwenyi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 karibu na Ogembo, mtoto wa pili wa Mzee Obadiah Makori na Mama Bathsheba. Tangu utotoni alipenda kutembea ameinama. Akitumwa mtoni alichelewa kurudi, na baba alimuuliza, "Umepoteza nini huko?" Alijibu, "Sijapoteza kitu, baba. Naangalia tu."

Alisoma shule ya misheni karibu na nyumbani, kisha shule ya bweni ya wasichana, na mwaka 1958 akaingia Makerere kusomea elimu ya wanyama. Majirani walisema binti huyo amepotea. Baba alimsindikiza hadi kwenye basi mjini Kisii, na mama alitueleza baadaye kwamba baba alilia njia nzima ya kurudi.

Alihitimu mwaka 1962, akafundisha baiolojia Kisii kwa miaka mitano. Jumapili tarehe 20 Desemba 1964 alifunga ndoa na Abner Angwenyi, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa hapa Nyansiongo. Mwaka 1966 walijaliwa binti, wakamwita Nyanchera, jina la bibi yake Abner aliyekwisha fariki, yaani mama mzazi wa mama mkwe wa dada, Mama Bitutu. Ogari alizaliwa mwaka 1969.

Kazi iliyomtambulisha kwa wengi aliianza mwaka 1967, alipoajiriwa na makumbusho Nairobi kuchunguza visukuku, yaani viumbe wa kale waliogeuka mawe. Watoto walibaki hapa na bibi yao, naye alikuja kila mwisho wa mwezi.

Machi 1971 alikuwa Kilifi akikusanya mchanga wa miamba ya kale wakati Nyanchera alipougua surua. Telegramu ilimfikia kwa kuchelewa. Alipofika hapa, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mama Bitutu, aliyemuuguza mtoto, alimwambia mbele yetu sote, "Alikuita mpaka sauti ikaisha. Wewe ulikuwa unachota mchanga."

Mfuko wa mchanga huo ulikaa mwaka mzima bila kufunguliwa. Mwenzake kazini, Bwana Okeyo, ambaye yuko nasi leo, anasema hakuna aliyethubutu kuugusa. Alipoufungua mwenyewe, alikuta chini ya hadubini konokono wa bahari mdogo kuliko punje ya wimbi, mwenye mizunguko mitano na kijino kimoja mdomoni mwa gamba. Hakufanana na yeyote aliyeandikwa. Mtaalamu mmoja wa ng'ambo alipinga, akisema huyo ni mtoto tu wa konokono anayejulikana. Dada alitafuta wengine mle mchangani, akaonyesha kwamba midomo ya magamba yao ilikuwa imenenepa, jambo ambalo hutokea konokono akishakomaa. Mwaka 1975 maelezo yake yalichapishwa, na spishi hiyo mpya akaipa jina la Nyanchera.

Habari hiyo ilileta kilio kipya. Kwetu, jina la aliyetutoka hupewa mtoto anayezaliwa, na dada hakujaliwa mtoto mwingine. Mama Bitutu alisema, "Jina la mama yangu umelibandika kwa konokono?" Kwa miezi kadhaa walipishana uani bila kusalimiana.

Desemba hiyo dada alikuja nyumbani na hadubini, akaiweka mezani karibu na dirisha, akamwomba mama mkwe wake aangalie. Mama Bitutu alikataa, kisha akaja, akainama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mtoto?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni mkubwa. Kimo chake ndicho hicho."

"Alikua akamaliza?"

"Alikua akamaliza, mama."

Mama Bitutu alikaa chini, akafunika uso kwa leso. Kisha akasema, "Basi lisomwe jina lake vitabuni, mama Nyanchera." Walilia pamoja, na tangu siku hiyo walikula meza moja.

Mwaka 1977 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Nairobi, lakini ugonjwa ulikuwa umeenea, akaomba arudishwe nyumbani. Mama Bitutu alimuuguza mwenyewe, akimwosha na kumlisha uji kwa kijiko, wala hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 6 Novemba 1978 dada alimwita. Mama Bitutu alikuwa hapo hapo kando ya kitanda, akaitika, na mikononi mwake dada akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mume wake Abner, mwanawe Ogari, mama mkwe wake Bitutu, wazazi wetu Obadiah na Bathsheba, ndugu zake wanne, na wenzake wa makumbusho. Binti yake Nyanchera alimtangulia, na leo tunamlaza kando yake.

Lala salama, dada. Bwana akupe pumziko la amani hadi asubuhi ya ufufuo.