Profesa Zagabe na Ng'ombe wa Khan

Baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha katika Idara ya Historia, Profesa Évariste Zagabe anastaafu tarehe 31 Julai mwaka huu. Idara imeniomba mimi, Marcelline Maombi, niliyekaa naye ofisi moja tangu nilipokuwa asistanti, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la ndani. Imeniomba pia nisiandike mengi. Nimejaribu.

Profesa Zagabe alizaliwa Nyangezi, akasoma kwa mapadri, na kwa akili zake akapata ufadhili wa kwenda Ubelgiji kusoma historia ya Kanisa. Alipofika ilikuwa Januari, na ukumbi wa historia ya Kanisa ulikuwa umeharibika mtambo wa joto. Ukumbi wa jirani ulikuwa na joto la kutosha. Humo watu wanne walikuwa wanasoma maandishi ya Kiajemi kuhusu Wamongolia waliosilimu. Aliingia kuota moto, akatoka baada ya miaka saba na udaktari, akijua Kiarabu, Kiajemi na Kituruki cha zamani. Mapadri waliomtuma walizipokea habari hizo kwa sala.

Aliporudi Bukavu na sanduku la fotokopi, wengi walitaka kujua Wamongolia wanatuhusu nini. Mama yake aliuliza swali la maana zaidi: watu hao wanafuga nini? Alipoambiwa ni farasi na kondoo, aliwahurumia sana kwa kukosa ng'ombe.

Somo lake liliitwa Historia ya Kiislamu ya Waturuki na Wamongolia kwa Vyanzo vya Asili. Jina hilo halikuenea kwenye ratiba ya ukutani, kwa hiyo wanafunzi waliliita Wamongolia tu, na kushindwa mtihani huo kuliitwa kukanyagwa. Profesa hakuruhusu vitabu vya siku hizi kabla ya muhula wa pili. Mwanafunzi alianza na watu wa wakati ule wenyewe: msafiri wa Baghdad aliyefika mpaka mto Volga, waziri wa Kiajemi aliyeandika kwa amri ya mfalme wake, mwandishi wa Shamu aliyemchukia mfalme huyo huyo. Kisha kila ukurasa uliulizwa maswali matatu. Nani alisema? Aliona au alisikia? Alikuwa anakula kwa nani? Ghazan, mtawala wa Wamongolia wa Uajemi, aliposilimu mwaka 1295, waliokula kwake waliandika kwamba aliongoka kwa moyo wote. Waliokula kwa maadui zake hawakuwa na hakika hiyo. Kati ya meza hizo mbili, alisema Profesa, mwanahistoria analala na njaa.

Shida ni kwamba maswali hayo hayakubaki darasani. Katika mkutano mmoja wa kitivo iliripotiwa kwamba paa la ukumbi mkubwa linavuja, kama watu wote wanavyosema. Profesa akataka shahidi wa macho. Mkutano mzima ulihamia ukumbini, mvua ikanyesha, tukalowa, na kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwamba sasa mashahidi wapo. Kwenye harusi ya mpwa wake huko Walungu, msemaji wa upande wa bibi harusi alitaja mababu tisa bila kupumua. Profesa alinyoosha kidole na kuuliza wa sita ametajwa na nani. Tangu siku hiyo, kwenye harusi za ukoo, kiti chake huwekwa karibu na jiko.

Waislamu wa mtaa wa Kadutu walimwalika kila Idi wakidhani ni ndugu yao, naye alikwenda, akala pilau, akawasomea maandishi ya zamani, na Jumapili akarudi kwenye kwaya ya parokia kuimba sauti ya nne. Pande zote mbili ziliridhika. Pilau, alisema, haikuathiri utafiti wake, ingawa swali la tatu lingetaka jambo hilo litajwe, basi nami nimelitaja.

Sasa nifike kwenye jambo lililotukosesha raha sote. Mageuzi ya programu yalikuja na sharti: somo lisilokuwa na daktari wa kulirithi siku mwenyewe anapostaafu linafutwa. Kwa Wamongolia alikuwapo mtu mmoja tu, asistanti wetu Bintu Akonkwa, aliyefundishwa Kiajemi na Profesa humo humo ofisini mwetu huku mimi nikijaribu kusahihisha mitihani. Tasnifu yake ilikuwa tayari mwaka juzi. Profesa, ambaye ndiye msimamizi wake, hakutia sahihi. Katika sura ya nne alikuwa amepigia mstari sentensi moja, isemayo kwamba khan mmoja, mtawala wa Wamongolia, siku aliposilimu, aliwapa maskini wa mji wake ng'ombe wenye ndama. Pembeni aliandika: nani alisema?

Bintu alishangaa. Sentensi hiyo kila aliyepita idara hii anaijua, na kusema kweli ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Lakini hakuweza kuionyesha katika chanzo chochote, basi akaanza kuitafuta. Mwaka ukaisha. Mkuu wa kitivo akamsihi Profesa atie sahihi, ili sentensi moja isiue kazi ya maisha yake. Mimi nami nilimsihi, tena kwa sauti ambayo sijivunii. Alivua miwani, akatujibu kwa upole: "Kama iko uongo ndani, ile somo ilishakufa zamani. Munataka nimurizishe Bintu maiti?"

Mwezi wa tano Bintu alimwambia kwamba jibu amelipata, lakini atalitoa mbele ya jopo. Profesa alilikubali sharti hilo, akatia sahihi. Bintu aliniambia mimi jibu lenyewe siku moja kabla ya kutetea tasnifu. Nilimshauri aumwe.

Hakuumwa. Ukumbi ulijaa, Maman Agathe, mke wa Profesa, akiwa mstari wa mbele kwa kitenge kipya, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga zikingoja nje. Jopo likauliza kuhusu ng'ombe. Bintu akaeleza kwamba habari hiyo imo katika makala ya Goma, ya Kisangani, na hata ya mtafiti mmoja wa Ulaya aliyetuamini. Makala zote zinategemea wanafunzi wawili wa zamani wa idara yetu. Wanafunzi hao wanamtegemea mwalimu wao. Nyuma ya mwalimu hakuna Mwajemi wala Mwarabu. Kisha akamgeukia Profesa: "Papa Professeur, nilifuata ile habari mupaka mwisho. Yote inaishia kwako. Na ule khan, munisamehe, anafanya sawa mwami wa kwetu Bushi."

Watu walicheka, maana kwetu Bushi mwami, mfalme wa jadi, ndiye anayewapa watu wake ng'ombe, halafu wakakumbuka wako wapi. Niliwatazama wanajopo, nao walikuwa wanamtazama Profesa. Msimamizi akikasirika, jopo humfuata. Na jopo likikataa, Bintu anapoteza miaka yake na somo linafutwa Profesa akistaafu, mwisho wa Julai. Niliogopa kweli kweli.

Profesa alisimama, jambo ambalo wasimamizi hawafanyi. Akasema: "Ni mimi nilisema. Sikuona, na hakuna mutu aliniambia. Nilikuwa nafasiria wanafunzi namna mukubwa anafunga watu kwake kwa zawadi, nikaleta mufano wa ng'ombe, juu ng'ombe ndiyo wanajua. Kisha nikasahau kama ilikuwa mufano." Akamtazama Bintu. "Ufute. Na mu silabasi yangu ufute. Miaka yote nilikuwa nangoja mutu wa kunikamata. Sasa naweza kurudia ku nyumba."

Maman Agathe alipiga vigelegele kabla jopo halijatoka kujadiliana, kinyume cha kanuni. Jopo lilitoa alama ya juu kabisa. Kuanzia siku hiyo Profesa anawapigia simu wanafunzi wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, kuwanyang'anya ng'ombe. Wengine wanakataa kuwarudisha.

Papa Zagabe, idara inakushukuru. Inakushukuru kwa Kiajemi kilichosikika ofisini kila asubuhi, kwa ukali, kwa vikao virefu kupita kiasi. Mimi binafsi nakushukuru kwa sababu ulimlea mtu mpaka akaweza kukukatalia mbele ya mke wako na mbele ya mkuu wa kitivo, na ulipokataliwa ulifurahi. Sijaona mwingine. Meza yako imeshahamishwa, na ukimya wa ofisi ile siupendi hata kidogo.

Mwezi wa kumi darasa linafunguliwa, na mwalimu ni Dokta Bintu Akonkwa. Nenda Nyangezi na Maman Agathe, mle mavuno yenu, mlale mpaka jua litoke. Mungu akupe afya na miaka mingi, Papa. Somo lina mwenyewe.