Maman Rahima, Aliyeanzisha Salongo ya Diski na Kuizima

Tarehe 29 Septemba 2023, Maman Rahima Nasoro anafunga kazi baada ya miaka thelathini na mmoja katika atelye yetu ya ufundi wa mashini, hapa Muhumba. Mimi Fikiri, ninayeandika, nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa. Direkta Lucien aliponiomba nimwandikie wasifu katika jarida letu, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Kurasa ni chache na Maman huyu ana habari nyingi, kwa hiyo tukaze mwendo.

Alizaliwa Uvira, katika familia ya wauza vitambaa. Baba yake, mzee Nasoro, alitaka binti abaki dukani apime na kukata. Lakini binti alikuwa na ugonjwa wa kufungua vitu. Alifungua redio, akafungua saa ya ukutani, na siku alipofungua mashini ya kuhesabia na kuirudisha ikifanya kazi vizuri kuliko mwanzo, mzee alisalimu amri. Mwaka 1992 akapanda kuja Bukavu na kuajiriwa hapa kutengeneza mashini za kuandikia. Alikuwa mwanamke pekee kwenye meza za ufundi, na wateja walimwuliza fundi yuko wapi huku wakimwona ameshika bisibisi mkononi. Aliwajibu kwamba fundi ametoka kidogo, waache mashini. Wakirudi jioni waliikuta imepona, na yeye akawapa salamu za fundi.

Kompyuta zilipofika mjini alizipokea kwa shangwe. Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, na hakuna aliyethubutu kula karibu na meza yake. Alikuwa na sababu. Chini ya vitufe vya kompyuta ya mwalimu mmoja alitoa sambaza mzima, yule samaki mdogo wa ziwani, mkavu kabisa, akamfunga kwenye karatasi na kumrudishia mwenyewe pamoja na mashini. Mwalimu yule ni mteja wetu mpaka leo, na bado anakula mbele ya kompyuta.

Sasa nifike kwenye jambo lililompa jina kutoka Muhumba mpaka Cimpunda, yaani salongo ya diski. Zamani diski za kompyuta zote zilikuwa na sahani inayozunguka ndani. Ukihifadhi faili, vipande vyake vilitawanyika huku na huku, na diski ilihangaika kuvitafuta kila ulipoifungua. Mashini ikawa nzito. Dawa yake ilikuwa programu ya kukusanya vile vipande na kuvipanga pamoja. Maman Rahima alikuwa nayo kwenye CD, akawanakilia wateja wote, tena akawapangia na siku. Jumamosi asubuhi, mtaa mzima ukiwa nje na majembe na fagio kwa ajili ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wewe washa mashini na uiache nayo ifanye salongo yake. Ukimaliza kuzibua mtaro na kunawa mikono, diski imepangwa.

Watu waliipenda mno. Kina mama waliwagombeza watoto wao kwa salongo ya diski kama walivyowagombeza kwa ile ya uani. Umeme ukikatika Jumamosi, walikuja kulalamika kwetu. Na nasema wazi kwamba kwa diski za wakati ule Maman alikuwa sahihi, maana mashini za wateja wetu zilikimbia kuliko za mji mzima.

Kisha zikaja diski za SSD. Nakumbuka ya kwanza tuliyoifunga. Maman alibonyeza kitufe, akageuka kumimina chai yake ya tangawizi, na alipogeuka tena mashini ilikuwa imekwisha kuwaka, inamngoja. Akaizima. Akaiwasha tena. Akatuita sote, hata mlinzi wa getini, tukasimama nyuma yake tukipiga makofi kila ilipowaka. Siku hiyo hatukufanya kazi nyingine ya maana.

Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Kila sehemu inasomwa haraka sawa na nyingine, kwa hiyo kupanga vipande hakuisaidii kitu. Tena kila unapoiandika upya unakula umri wake kidogo. Maman alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba Windows za kisasa zinaitambua SSD na kuitunza inavyotakiwa. Basi akawafungia watu diski mpya, akawasihi wasizijaze pomoni, akawaaga. Alichosahau ni ile CD. Programu yake ilikuwa ya zamani, haikujua SSD ni nini, na ilikuwa bado kwenye nyumba za watu, ikifanya kazi kila Jumamosi kwa uaminifu mkubwa.

Tuligundua siku aliyokuja Colombe. Huyu anatengeneza filamu za harusi nyumbani kwake Cimpunda, na SSD aliinunua kwa ushauri wa Maman. Alifika Jumatano amekumbatia kompyuta, macho mekundu. Mashini ilikuwa inaganda kila alipogusa video. Ndani yake mlikuwa na sherehe ya dote, yaani mahari, ya binti mmoja, Gloire, na filamu hiyo ilitakiwa kuonyeshwa Jumamosi jioni kwenye karamu ya harusi yake. Kadi za kamera Colombe alikwisha kuzifuta apate nafasi ya kazi nyingine. Picha zote za dote zilikuwa mle tu. Na katika mji wetu, ukiharibu dote ya watu mara moja hupewi tena harusi, maana habari inapita kwenye kwaya zote. Colombe ana watoto shuleni, na hiyo ndiyo kazi yake pekee.

Sisi wote tulisema ni virusi. Maman Rahima hakubishana nasi. Alifungua programu ya kusoma afya ya diski, ikaonyesha kwamba diski ile imeandikwa mara nyingi mno kwa umri wake na imebaki na pumzi kidogo. Tena ilikuwa imejaa karibu yote. Akamwuliza Colombe huwa anaitunza namna gani. Colombe, katikati ya machozi, akajibu kwa fahari kwamba anaitunza kuliko watu wote. Kwa kuwa video ni nzito, yeye hangoji Jumamosi. Anaifanyia salongo kila jioni.

Maman akavua miwani, akaiweka mezani. Angeweza kusema diski ilitoka sokoni ikiwa mbovu, na sote tungeitikia. Badala yake alimshika Colombe mkono.

"Colombe, hii kosa haiko yako," alimwambia. "Iko yangu. Ni miye nilikufundishaka salongo, na sikukuambia uache."

Halafu akaanza kazi, na hapa nawaomba vijana wetu wasome polepole. Alikataza mtu yeyote kutengeneza chochote kabla picha hazijanakiliwa. Akazihamisha kwenye diski nyingine kidogo kidogo, na kila diski ilipogoma aliizima, akaiacha ipumzike, akaendelea alipoishia. Mara mbili tulidhani imekufa. Mara ya pili Colombe alitoka nje asione. Alhamisi jioni kipande cha mwisho cha dote kikatoka kizima, na kelele tuliyopiga iliwaleta majirani kuuliza nani amezaa.

Ijumaa akamfungia SSD mpya, na ile programu ya zamani akaitupa mbele ya macho yake. Harusi zilizokwisha akazihamishia kwenye diski kubwa ya kuzunguka, ambayo ni nzito lakini inafaa sana kwa kuweka akiba. Kwenye SSD akaacha sehemu moja ya tano ikiwa tupu, kwa sababu diski hizi zinahitaji nafasi ya kugeuzia mambo yao, na zikijaa zinakuwa nzito hata zikiwa mpya. Akahakikisha amri iitwayo TRIM imewashwa, ile inayoiambia diski sehemu zipi zimefutwa ili izisafishe mapema. Akapunguza programu zinazojiwasha bila kuitwa. Na kwa kuwa umeme wetu huondoka bila kuaga, akaunganisha onduleri, kisanduku kinachotunza umeme wa dakika chache, ili Colombe apate muda wa kuzima mashini kwa utaratibu. Mwisho akampa agizo ambalo Colombe alilipinga kuliko yote, yaani asifanye kitu. Mashini ikae imewaka na kutulia kidogo, na diski itajisafisha yenyewe.

Jumamosi jioni filamu ikaonyeshwa. Nilikuwepo, kwa sababu Colombe alitualika. Ng'ombe wa dote walipita ukutani wakubwa kuliko walivyokuwa, shangazi yake Gloire akajiona akicheza na akasimama kucheza tena, na picha haikuganda hata mara moja. Maman Rahima hakuutazama ukuta. Aliikodolea macho taa ndogo ya kompyuta mpaka mwisho, ndipo akaomba soda.

Mwingine angeishia hapo. Jumatatu yeye aliingia kwa direkta na kusema lazima mji mzima uambiwe. Direkta Lucien, ambaye ameniruhusu kuandika haya, aliogopa. Alisema watu watadai tumewaharibia diski, na atelye itapoteza jina. Akashauri tumwambie kila mteja kwa upole siku atakapokuja. Maman akamjibu kwamba atakayekuja ni yule ambaye diski yake imekwisha kufa. Direkta alifikiri siku nzima, kisha akakubali.

Basi Maman akaenda redioni, akaeleza kwa jina lake mwenyewe kwamba salongo ya diski aliianzisha yeye na sasa anaizima kwa wote wenye SSD. Akapeleka tangazo msikitini. Akalipeleka na kwa padre Placide, mteja wetu wa siku nyingi, na Jumapili padre akalisoma baada ya misa, katikati ya ndoa zinazotangazwa na mkutano wa kwaya. Nilikuwa kwenye benchi, na nilishikwa na kicheko na fahari kwa pamoja. Nusu ya waumini waligeukiana, maana kila mmoja alikuwa na ile CD.

Wiki zilizofuata atelye ilifurika. Wengi walikuja wakicheka na kompyuta zao kwapani. Wengine walikuja wamekasirika, na wachache wakatuacha wakahamia kwa mafundi wengine. Maman aliwapokea wote bila kujitetea, akasoma afya ya kila diski, akafuta ile programu, akaeleza upya. Diski nyingi zilikuwa bado nzima, na nyingine tuliziwahi zikiwa mlangoni pa kaburi. Papa Fabien wa Kadutu alikuja kugomba kwa sababu tofauti. Alisema kuacha salongo ni uvivu, na yeye haachi. Maman akaifungua mashini yake, akaikuta na diski ya kuzunguka ya zamani, akamwambia kwamba yeye ana haki kabisa, aendelee na Jumamosi zake. Papa Fabien alitoka akitembea kama gavana.

Leo, mtu akiingia kwetu na SSD, jambo la kwanza analotuambia ni kwamba ameacha sehemu ya tano tupu. Hata watoto wanaijua hesabu hiyo. Colombe sasa ana wasaidizi wawili, na harusi zimeandikishwa mpaka mwaka ujao.

Mwezi huu, kwa kumuaga, tulipanga kumfanyia jambo kubwa. Steve, mchoraji wa mabango, alikuwa amekwisha kuchanganya rangi ili aandike masharti ya Maman kuhusu SSD kwenye ukuta wa mbele, kwa herufi kubwa, na jina lake chini. Maman alipomkuta Steve kwenye ngazi alimwomba ashuke. Tulidhani ni unyenyekevu, tukaanza kumbembeleza. Akatukatiza.

"Musiandike kwa ukuta," alisema. "Mambo ya mashini inabadilika. Siku mambo hii yenye niliwafundisha itageuka uongo, museme haraka. Na jina yangu museme. Musinionee haya."

Steve alifunga makopo yake. Sisi tuliobaki tulimwahidi, mmoja mmoja, na direkta Lucien alikuwa wa kwanza.

Maman Rahima, asante kwa mikono yako, kwa chai yako ya tangawizi, na kwa ile Jumatano uliyoweka miwani mezani. Tunasikia uchungu kukuachia uende. Uvira ikupokee kwa furaha, afya ikae nawe, na wajukuu wakufungulie kila kitu ndani ya nyumba. Nasi tutaendelea kusoma na kupima kila diski mpya itakayoingia mjini. Na siku ile ikifika tutasimama mbele ya watu wa Bukavu, tutasema kwa sauti kwamba Rahima alikosea, na wewe huko uliko utajua kwamba bado tunakupenda.